Hesabu zinazoipunja Bihar

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Unguja. Mjukuu wangu anasoma kwenye kampasi ya IIT Madras (chuo cha teknolojia cha India) iliyofunguliwa hapa Zanzibar mwaka 2023. Walimu wake wa Kihindi ni weledi kwelikweli. Lakini nasoma kuwa kwenye jimbo lao la Bihar watoto wanafika darasa la tano hawajui kusoma kisa kifupi. Nchi moja inakuwaje na haya mawili? Serikali yao imewatupa watu wa Bihar makusudi? Na sera yao mpya ya elimu ya 2020 itawafaa?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu.

Nianze na hilo neno lako "makusudi", maana ndilo linalowagombanisha hata Wahindi wenyewe. Kaa kwenye kibanda cha chai Patna, makao makuu ya Bihar, utaambiwa Delhi, yaani serikali kuu, haiwapendi. Kaa Chennai, kule Tamil Nadu, utaambiwa Delhi inachukua kodi zao na kuwapelekea Bihar. Wote wana karatasi za kukuonyesha. Mimi nimezisoma karatasi hizo miaka mingi na sijakuta mahali mtu aliketi akaamua mtoto wa Bihar asisome. Nilichokuta ni kanuni. Kila Delhi ilipopanga jambo kubwa, liwe la chuma, la kodi au la shule, iliandika kanuni moja kwa nchi nzima. Wewe umefundisha, utanielewa: kamati inasema kila mtaa ujenge kuta, serikali italeta bati. Mtaa wenye uwezo unapata paa ndani ya mwaka. Mtaa wa wavuvi maskini unabaki na msingi ulioota majani, na kwenye taarifa inaandikwa kwamba wananchi hawakuhamasika.

Kabla sijaenda mbali, nirekebishe kidogo. Tatizo la kusoma haliko Bihar peke yake. Asasi ya Pratham imekuwa ikipita nyumba kwa nyumba vijijini tangu 2005, ikiwapa watoto karatasi yenye kisa cha kiwango cha darasa la pili. Kwa India nzima, takriban nusu ya watoto wa darasa la tano vijijini hushindwa kukisoma. Tofauti ya Bihar ni urithi wake. Sensa ya 2011, ambayo ndiyo ya mwisho kukamilika, ilikuta wanaojua kusoma na kuandika Kerala ni asilimia 94, wastani wa taifa 73, na Bihar chini ya 62, ikiwa mkiani kabisa.

Niliwahi kukaa siku chache kwenye shule ya kijiji kimoja kusini mwa Patna. Vyumba viwili, baraza, pampu ya mkono uani. Madarasa matano na mwalimu mmoja, kwa sababu mwenzake alikuwa amepewa kazi ya kupitia daftari la wapiga kura, jambo la kawaida sana kule. Ubao ameugawa kwa mstari wa chaki: kushoto herufi za darasa la kwanza, kulia hesabu za kugawanya za darasa la nne. Darasa la tano kawapa kunakili. Katikati ya asubuhi akaacha yote na kuanza kuhesabu vichwa kwa ajili ya chakula cha mchana, maana idadi iingie kwanza kwenye daftari, kisha kwenye simu, ndipo mchele upimwe. Msichana aliyekaa mbele yangu alinakili ukurasa mzima wa Kihindi kwa mwandiko ambao mimi sijawahi kuupata. Nikamwomba anisomee mstari wa kwanza. Akanitazama, akatabasamu, akaanza kunakili ukurasa wa pili.

Yule mwalimu amefikaje pale peke yake? Hadithi ni ndefu.

Mwaka 1793 Waingereza waliitengenezea Bengal mfumo wa kodi ya ardhi, na Bihar wakati huo ilikuwa ndani yake. Mabwanyenye walioitwa zamindar walipewa kukusanya kwa wakulima, na kiasi cha kupeleka serikalini kikafungwa kisibadilike milele. Bei zikapanda, kiasi kikabaki palepale. Serikali ikawa haina pesa ya kutumia huko, na bwanyenye hakuwa na haja ya mkulima anayejua kusoma hati. Wachumi Abhijit Banerjee na Lakshmi Iyer walikuja kulinganisha wilaya za zamindar na zile ambazo mkulima alilipa kodi mwenyewe. Miaka mingi baada ya uhuru, na baada ya zamindar wenyewe kufutwa, zile za kwanza zilikuwa bado nyuma kwa mavuno na kwa shule.

Kusini mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1817 Gouri Parvati Bai, mtawala wa Travancore ambayo leo ni sehemu ya Kerala, alitamka kwamba gharama za elimu zibebwe na serikali. Watu hupenda kuitaja amri hiyo kana kwamba ilimaliza kazi. Haikumaliza. Karibu karne moja baadaye watoto wa tabaka la chini bado walikuwa wanazuiwa mlangoni, mpaka Ayyankali, kiongozi wao, alipowatoa vibarua mashambani kwa mgomo wakidai watoto wapokelewe shuleni. Kwa hiyo mtu akikwambia Kerala ilibahatika, mwambie kuna mpunga uliokosa mikono ya kuupalilia kwa ajili ya bahati hiyo.

Ukaja uhuru, 1947. Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza, alitaka mabwawa, vinu vya chuma na wahandisi wa kuviendesha, na alivitaka haraka. Taasisi ya kwanza ya IIT ilifunguliwa Kharagpur 1951. Ile ya Madras ikafuata 1959 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Katiba ya 1950 ilikuwa imeagiza serikali ijitahidi ndani ya miaka 10 kumpa kila mtoto elimu ya bure mpaka afike miaka 14, lakini agizo hilo lilikaa kwenye fungu la mambo ambayo raia hawezi kuyadai mahakamani. Likageuzwa kuwa haki kwa marekebisho ya Katiba ya 2002, sheria yake ikapitishwa 2009, ikaanza kazi tarehe 1 Aprili 2010. Piga hesabu, Mwalimu: taasisi anayosoma mjukuu wako ni kongwe kwa miaka 51 kuliko haki ya mtoto wa India kwenda shule. Walianza kuezeka kabla ya kujenga kuta, na ajabu ni kwamba paa limesimama vizuri. Linashikiliwa na nguzo chache za mijini.

Bihar ilipigwa pigo jingine ambalo halikuandikwa neno "elimu" popote. Kuanzia 1952 serikali kuu iliweka utaratibu wa kusawazisha nauli: chuma na makaa ya mawe vilipatikana kwa bei ileile popote India, gharama ya kuvisafirisha ikibebwa kwa pamoja. Nia ilikuwa njema, kila jimbo lipate viwanda. Lakini faida pekee ya Bihar ilikuwa kwamba madini yako chini ya miguu yake. Ukiweza kupata chuma cha Bihar kwa bei ya Bihar ukiwa Bombay (leo Mumbai), kando ya bandari na soko, ukajenge kiwanda Bihar kwa nini? Utaratibu huo ulidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kisha Novemba 2000 jimbo likagawanywa, na sehemu ya kusini yenye makaa ya mawe na mji wa chuma wa Jamshedpur ikawa jimbo jipya la Jharkhand. Bihar ikabaki na mashamba, mafuriko na watu zaidi ya milioni 80. Leo pato la mtu mmoja wa Bihar ni kama theluthi moja ya wastani wa India.

Sasa tuingie kwenye pesa za shule, kwa sababu huko ndiko upunjaji wa leo unakofanyika, tena mchana kweupe.

Mpaka 1976 elimu ilikuwa mali ya majimbo. Mwaka huo, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na waziri mkuu Indira Gandhi, marekebisho ya 42 ya Katiba yaliihamishia kwenye orodha ya mambo ya pamoja. Tangu hapo Delhi ina mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja na mpango mkubwa wa elimu ya msingi kwa wote, Sarva Shiksha Abhiyan, ambao 2018 uliunganishwa na ule wa sekondari na wa vyuo vya ualimu ukaitwa Samagra Shiksha. Ni mpango uliojenga shule nyingi mno, na sitaki kuubeza. Tazama tu unavyolipwa. Kwa majimbo mengi, serikali kuu inatoa asilimia 60 na jimbo linatoa 40. Majimbo ya kaskazini-mashariki na ya milima ya Himalaya yanatoa 10 tu. Bihar haina milima, kwa hiyo inatoa 40, sawasawa na Maharashtra yenye Mumbai.

Na fungu halishuki lote kwa pamoja. Linakuja kwa awamu. Ili upate awamu ya pili, jimbo liwe limeweka sehemu yake na limetoa hesabu ya awamu ya kwanza. Hesabu inatolewa na nani? Na ofisi ya wilaya yenye wahasibu wachache, inayosubiri risiti za wakuu wa shule kama yule mwalimu wa ubao uliogawanywa. Risiti zinachelewa, awamu inachelewa, pesa inafika mwaka wa fedha ukikaribia kwisha, inatumika nusu. Mwaka unaofuata mtu wa Delhi anatazama jedwali na kusema, kwa haki kabisa kufuatana na jedwali lake, kwamba Bihar haina uwezo wa kutumia pesa, basi ipunguziwe makadirio. Hakuna aliyevunja kanuni hata moja.

Mwenzako wa Chennai atakuja juu hapo: Bihar inabebwa! Na ana hoja. Katika kodi zinazogawanywa kati ya Delhi na majimbo, mgao wa 2021 hadi 2026 uliipa Bihar asilimia 10 na Tamil Nadu 4, ingawa kwa sensa ya 2011 Bihar ina watu wasiofika asilimia 9 ya Wahindi wote. Karibu robo tatu ya mapato ya serikali ya Bihar yanatoka Delhi. Lakini ukimimina ndoo mbili kwenye tangi tupu na moja kwenye tangi lililojaa, bado la kwanza ndilo litakalokauka kabla ya jioni. Ukigawa matumizi kwa idadi ya watoto, Kerala inatumia kwa mtoto mmoja mara kadhaa ya kile Bihar inachotumia. Isitoshe, tangu 2004 Delhi inatoza tozo ya elimu juu ya kodi, na tangu 2018 ipo tozo ya afya na elimu ya asilimia 4. Tozo, kwa Katiba yao, haigawanywi na majimbo. Inarudi chini kwa njia ya mipango kama Samagra, ikiwa na masharti yake yote.

Jimbo likikosa pesa linafanya nini? Linaajiri kwa bei rahisi. Mwaka 2006 Bihar ilianza kuchukua walimu wa mkataba kupitia mabaraza ya vijiji na miji, kwa mshahara uliokuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mwalimu wa kudumu. Ilipunguza uhaba haraka, na kwa kuwatengea wanawake nusu ya nafasi za shule za msingi ilifanya jambo la maana sana. Lakini ilizaa vyumba vya walimu vyenye matabaka mawili: mmoja anafundisha kwa mshahara, mwingine kwa posho, somo lilelile. Walimu wa mkataba zaidi ya 350,000 walipigania malipo sawa mpaka Mahakama ya Juu, na Mei 2019 wakashindwa. Jimbo lilishaeleza wazi kwamba haliwezi kubeba mzigo huo. Mwishoni mwa 2023 Bihar ilibadili mwendo, ikaajiri kwa mtihani wa tume ya utumishi zaidi ya walimu 100,000 kwa mkupuo mmoja. Hilo nalihesabu kuwa zito kuliko sera yoyote iliyoandikwa kwa wino mzuri.

Jambo jingine lililofanikiwa Bihar lilibuniwa palepale Patna, kwa pesa ya jimbo, bila kusubiri jedwali la mtu. Mwaka 2006 serikali ya jimbo chini ya Nitish Kumar ilianza kumpa kila msichana anayeingia darasa la tisa rupia 2,000 anunue baiskeli. Shule za sekondari ziko mbali, basi hakuna, na mzazi hapendi binti atembee peke yake kilomita tano. Baiskeli inafupisha njia, na wasichana ishirini wakipita pamoja wamevaa sare, hakuna wa kuwachokoza. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash waliwalinganisha wasichana na wavulana, kisha Bihar na jirani yake Jharkhand isiyokuwa na mpango huo. Uandikishaji wa wasichana sekondari ulipanda kwa asilimia 32 na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40, na ongezeko lilikuwa kwa wale wanaokaa mbali na shule, kama ambavyo ungetarajia. Waliofanya mtihani wa darasa la kumi waliongezeka pia, ingawa waliofaulu waliongezeka kwa kiasi kidogo zaidi. Baiskeli inakufikisha mlangoni. Ndani ya mlango ni kazi ya mwalimu.

Ndiyo tunafika kwenye sera ya 2020. Iliidhinishwa tarehe 29 Julai mwaka huo, ya kwanza tangu ile ya 1986. Inaahidi mambo ambayo wewe na mimi tungeyapigia makofi: mtoto ajue kusoma na hesabu za mwanzo akimaliza darasa la tatu, afundishwe kwa lugha ya mama angalau mpaka darasa la tano inapowezekana, matumizi ya elimu yafike asilimia 6 ya pato la taifa. Hiyo asilimia 6 ni wimbo wa zamani. Tume ya elimu ya Kothari iliupendekeza miaka ya 1960 na hakuna serikali iliyoufikia. Sera inataja pia "maeneo maalumu ya elimu" kwa sehemu zilizoachwa nyuma. Neno zuri, lakini eneo maalumu lisilo na fungu maalumu ni kibao cha barabarani tu.

Kwa Bihar mimi nina matumaini zaidi na hilo la lugha, na pia wasiwasi nalo. Kwenye karatasi jimbo linaitwa la Kihindi. Nyumbani watoto wanasema Kibhojpuri, Kimagahi au Kimaithili. Kimaithili kiliingizwa kwenye orodha ya lugha za Katiba kwa marekebisho ya 2003, hivyo viwili bado. Yule msichana wa mwandiko mzuri alikuwa ananakili Kihindi cha vitabuni, ilhali pampuni nilimsikia akimfokea mdogo wake Kimagahi kwa ufasaha wa kutisha. Ikiwa "lugha ya mama" itatafsiriwa kuwa Kihindi kwa sababu vitabu vyake vimeshachapwa, hajasogea hatua.

Na tazama sera hiyohiyo ilivyopokewa kusini. Inataka lugha tatu shuleni, angalau mbili ziwe za asili ya India. Haisemi Kihindi kilazimishwe. Lakini Tamil Nadu ina kumbukumbu: watu walikufa kwenye maandamano ya kupinga Kihindi mwaka 1965, na tangu 1968 jimbo hilo linafundisha Kitamil na Kiingereza tu. Mwaka 2022 Delhi ilianzisha mpango wa shule za mfano 14,500 uitwao PM SHRI. Jimbo linalotaka kuingia linatia saini kwamba litaitekeleza sera ya 2020. Tamil Nadu ikagoma kusaini. Delhi ikazuia rupia bilioni 21.5 za Samagra Shiksha za mwaka 2024/25, yaani pesa za mpango wa kawaida, za mishahara, na za kulipia watoto maskini kwenye shule binafsi. Mei 2025 jimbo likaenda Mahakama ya Juu.

Unaona lilipo fundo. Tamil Nadu, ambayo ilianza kulisha watoto shuleni katika miaka ya 1950 chini ya K. Kamaraj, kiongozi wa serikali ya jimbo wakati huo, miongo minne kabla Delhi haijaiga, inaweza kugoma na shule zake zikaendelea kufunguliwa kwa pesa yake. Bihar haiwezi kukataa saini. Inachukua sera kama ilivyo, na sharti la asilimia 40 kama lilivyo. Kwa hiyo swali lako kama itawafaa, jibu langu ni kwamba lengo la darasa la tatu linaweza kuwafaa, endapo walimu wale wapya watabaki darasani badala ya kutumwa kuhesabu wapiga kura. Mengine yatategemea mtu kubadili hiyo 60 kwa 40, na sijamsikia waziri yeyote akiigusa.

Mwisho, mwambie mjukuu wako awaulize wale walimu wake kuhusu Bihar. Asije akashangaa kuambiwa kwamba kwenye vyuo vya IIT wamejaa vijana wa huko. Patna ina mitaa mizima ya tuisheni, kuta zimebandikwa picha za waliofaulu mpaka kwenye nguzo za umeme, na treni za kwenda Kota, mji wa tuisheni kule Rajasthan, hubeba wengine. Kinacholipia ni ng'ombe aliyeuzwa, au baba aliyeko kwenye kazi za ujenzi Delhi, au kipande cha shamba kilichowekwa rehani. Baba wa yule msichana alikuwa Surat, kwenye viwanda vya nguo, na pesa anayotuma inaishia kwenye chakula. Baiskeli yake ipo, inamsubiri darasa la tisa.